Tarehe 11 Novemba: Saa Sita za Katikati

Masomo: Isaya 52:7, Waefeso 2:13-17



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, Kanisa letu huwakumbuka waliokufa vitani, na mitaa mingi hufanya hivyo Jumapili iliyo karibu na tarehe 11. Tumezoea kusimama kimya dakika mbili, kisha ibada inaendelea. Mwaka huu tunapenda tuitazame tarehe yenyewe. Imebeba mambo mengi ya vita, na mambo hayo yakiwekwa pamoja yana neno kwetu sisi wa mtaa huu, hata kama hatujawahi kushika bunduki.

Tuanze na mtakatifu wa siku hiyo. Zamani sana, kabla ya vita vyote tutakavyovitaja, 11 Novemba ilikuwa siku ya Mtakatifu Martin, Askofu wa Tours katika nchi ya Ufaransa, maana ndiyo siku aliyozikwa mwaka 397. Martin alikuwa mtoto wa ofisa wa jeshi la Kirumi, na jina lake lilitokana na Mars, ambaye Warumi walimwabudu kama mungu wa vita. Kwa sheria ya wakati ule mtoto wa askari alipaswa kuwa askari, naye akaingia jeshini angali kijana. Katika mji wa Amiens, wakati wa baridi kali, alimkuta maskini langoni hana nguo. Akauchomoa upanga wake, akalikata joho lake vipande viwili, akampa nusu. Upanga uliofuliwa kwa ajili ya kuua ukafanya kazi ya mkasi wa mshonaji.

Baadaye, jeshi lilipokuwa likijiandaa kupigana, Martin aliomba aachiliwe ili amtumikie Kristo peke yake. Wakamwita mwoga. Akawajibu kwamba yuko tayari kesho yake asimame mbele ya safu ya kwanza bila silaha yoyote. Wakamweka kizuizini wamtimizie neno lake. Lakini kulipokucha maadui walituma wajumbe kuomba amani.

Sasa tazameni mengine yaliyoangukia tarehe hiyo hiyo. Mwaka 1918 ndiyo siku iliyokoma Vita Kuu ya Kwanza huko Ulaya. Mwaka 1920, tarehe hiyo, mifupa ya askari asiyejulikana jina ilizikwa kwa heshima ya kifalme katika Kanisa la Westminster, London. Watu walidhani kuwa tangu hapo siku hiyo ni ya amani. Lakini usiku wa 11 Novemba 1940 ndege 21 za Uingereza ziliruka kutoka katika manowari, zikazipiga meli za kivita za Italia bandarini Taranto. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa walowezi wachache huko Rhodesia, na vita vilivyofuata vilikula watu mpaka mapatano ya mwaka 1979. Tarehe 11 Novemba 1975 Agostinho Neto alitangaza uhuru wa Angola mjini Luanda, na siku moja tu kabla yake mizinga ilikuwa ikinguruma Quifangondo, karibu na mji huo. Angola ilipata uhuru, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe havikwisha mpaka mwaka 2002.

Basi mtu asitudanganye kwamba iko siku ya nuksi na siku ya heri. Tarehe ni ile ile: mmoja aliitumia kuomba amani, mwingine kutupa mabomu, mwingine kuwanyang'anya wenzake haki yao. Mungu hutupa siku ikiwa tupu. Sisi ndio tunaoijaza.

Lakini jambo kubwa tunalotaka kulisema limo katika siku ile ya mwaka 1918. Sikilizeni jinsi ilivyokuwa.

Mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa sahihi ndani ya behewa la gari moshi katika msitu wa Compiègne, yapata saa kumi na moja alfajiri. Lakini uliandikwa kwamba bunduki zitanyamaza saa tano asubuhi. Hivyo zilibaki saa sita. Habari zilipelekwa kwa simu, na makamanda wengi walijua mapema kwamba vita vimekwisha. Hata hivyo, wako waliowaamuru askari wao wasonge mbele. Inakadiriwa kwamba katika siku hiyo ya mwisho waliuawa watu zaidi ya 2,700.

Mmoja wao alikuwa Mfaransa, Augustin Trébuchon, ambaye kabla ya vita alikuwa mchunga kondoo. Alikuwa mpeleka habari wa kikosi chake. Alipigwa risasi dakika chache kabla ya saa tano, amebeba ujumbe wa kuwaambia wenzake mahali na saa ya kukusanyika kupata chakula. Msalaba wa kaburi lake umeandikwa tarehe 10 Novemba, kana kwamba haikufaa kukiri kuwa mtu amekufa vitani siku ya amani. Mwingine alikuwa Mmarekani, Henry Gunther. Alikuwa amevuliwa cheo, na inasemwa alitaka kuirudisha heshima yake. Ikiwa imebaki dakika moja, aliikimbilia bunduki ya rashasha ya Wajerumani. Wale Wajerumani walimpungia mikono na kumpigia kelele arudi. Hakurudi. Wakampiga, akafa.

Wapendwa, amani ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi. Waliokufa katika saa zile sita walikufa katika vita vilivyokwisha.

Wazungu hupenda kusema kuwa vita vile vilikoma saa ya kumi na moja ya siku ya kumi na moja ya mwezi wa kumi na moja, kwa kuwa wao huhesabu saa tangu usiku wa manane. Sisi Waswahili tunahesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, na za usiku tangu linapozama. Kwa hesabu yetu, saa kumi na moja ya siku ile ilikuwa alfajiri, wakati kalamu ilipogusa karatasi. Na tunadhani kwa jambo hili hesabu yetu ina fundisho. Mkristo huhesabu amani tangu saa ya sahihi, hangoji saa ya mwisho ya risasi.

Na huku kwetu je? Siku ile ilipita hakuna aliyejua. Jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilikuwa limetoka Tanganyika, likapita Msumbiji, likaingia nchi ambayo leo ni Zambia. Tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya mizinga ya Ulaya kunyamaza, lilikuwa Kasama. Ndipo habari ikamfikia kamanda huyo kwa barua ya simu. Aliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba, pamoja na askari Waafrika zaidi ya 1,000. Kwa siku mbili nzima watu walitembea porini na mizigo kichwani kwa ajili ya vita visivyokuwapo tena, kwa sababu mjumbe hakuwa amefika.

Tuwakumbuke hasa wale wa mizigo. Katika vita vile Waingereza peke yao walichukua wapagazi wapatao milioni moja, na makadirio ya kawaida ni kwamba waliokufa walifika 95,000 au zaidi, wengi kwa njaa, kuhara na homa kuliko risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kambi yao. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi mwaka 1916, akitembea nao kwa miguu. Hata hivyo, wengi wao walizikwa kando ya njia, bila jiwe wala jina. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilipoomba radhi kwa kutowakumbuka kama ilivyowakumbuka wengine. Lakini Mungu hakuwa ameyapoteza majina yao.

Sasa tuje kwetu. Mtume Paulo anawaandikia Waefeso kwamba Kristo mwenyewe ndiye amani yetu, na kwamba kwa msalaba wake ameubomoa ukuta uliowatenga watu. Tazameni, Mtume anasema amekwisha kuubomoa. Sahihi imekwisha kutiwa, na wino wake ni damu. Tunaishi katika saa za katikati, kati ya Kalvari na siku ile Bwana atakaporudi na kila silaha kunyamaza. Swali ni hili: tunafanya nini katika saa hizi?

Wako majirani wawili wanaogombea mpaka wa shamba, na Jumapili wote wawili hupiga magoti kwenye Meza ya Bwana, mmoja upande huu na mwingine upande ule, ili wasigusane mabega. Wako ndugu wa tumbo moja ambao hawajasalimiana tangu matanga ya baba yao. Wako wanaosema, “Nitamsamehe, lakini kwanza nimwonyeshe.” Huyu anayetaka kwanza amwonyeshe mwenzake ni kama Gunther, anakimbilia heshima yake dakika ya mwisho. Na wengine husema, “Tutapatana Pasaka.” Nani aliyewaahidi Pasaka?

Tena tusidhani kuwa kunyamaza kunatosha. Behewa lile la Compiègne lilitumiwa mara ya pili tarehe 22 Juni 1940, pale Hitler alipowalazimisha Wafaransa waweke sahihi ya kushindwa mahali pale pale. Bunduki zilinyamaza miaka ile, lakini mioyo haikupatana, na chuki ilijua njia ya kurudia behewa lake. Nyumba isiyo na kelele inaweza kuwa bado vitani.

Tena kuna kazi ya mjumbe. Isaya anaisifu miguu ya mtu aletaye habari ya amani, nayo ni miguu yenye vumbi, maana inapita milimani. Kama wako ndugu ambao bado wanapigana kwa sababu hakuna aliyewafikia, basi sisi tuliokwisha kuisikia habari tuna deni. Usingoje Padre. Wewe unayewajua wote wawili, nenda.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, kabla ya Jumapili ya Kumbukumbu, kila mwenye neno na mwenzake amwendee nyumbani kwake. Pili, yeyote ambaye katika ukoo wake lilihifadhiwa jina la babu aliyechukuliwa upagazi au uaskari asirudi, alilete likiwa limeandikwa. Tutayasoma majina hayo madhabahuni, moja baada ya jingine, bila haraka.

Tuombe. Ee Bwana wa majeshi, uliyemfundisha mtumishi wako Martin kuugeuza upanga kuwa chombo cha huruma, wapumzishe wote waliokufa vitani, wenye majina na wasio na majina kwetu. Nasi utupe kuishi tangu sasa katika amani uliyokwisha kuitia sahihi, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.