Vumbi la Chokaa Kitandani kwa Bibi

Jiko la shangazi yangu liko juu, kama yalivyo majiko mengi ya nyumba za kale za Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, moshi upate pa kutokea na joto lisiwasumbue walio chini. Miaka yote alipikia kwenye meza ndefu ya mbao, iliyochakaa kwa kukatiwa samaki. Mwaka mmoja Ramadhani ikikaribia, akasema basi, imetosha. Anataka kaunta ya graniti nyeusi, ing'ae, ukiipangusa mara moja imetakata.

Jiwe alichagua vyema. Mapishi yetu ni ya ndimu, ukwaju na siki, na graniti haijali ukali huo. Marumaru ya kweli ndiyo isiyostahimili, maana asili yake ni moja na chokaa. Kipande cha ndimu kikilala juu yake usiku kucha, asubuhi utakuta doa lililofifia, na hata usugue vipi halirudi kung'aa.

Kosa lilikuwa kwingine. Fundi alipima urefu wa kaunta, akaandika, akaondoka, asishuke hata mara moja kutazama dari ya chumba cha chini. Nyumba alizozoea ni za bloki na zege, na kwetu akafanya vile vile: vikuta vitatu vya bloki, juu yake zege la inchi 3, kisha ndiyo graniti.

Sakafu ya nyumba hizi si zege. Ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, mita 3 hivi au pungufu. Sasa piga hesabu. Graniti ya unene wa sentimita 2 ina kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60 haifiki kilo 100. Huo si mzigo wa kutisha. Lakini zege lililo chini yake lina zaidi ya kilo 300, na bloki nazo zinakaribia hapo. Kaunta yenyewe ilifuata urefu wa boriti, hivyo uzito wote ukaangukia boriti mbili tatu, usiku na mchana.

Juu ya uzito, yakaja maji. Bomba la sinki lilivuja kidogo kidogo nyuma ya bloki, mahali ambapo jicho halifiki. Kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Fundi alikuwa ameupiga ukuta saruji, na unyevu ukakosa pa kutokea. Ukabaki ndani, kwenye vichwa vya boriti. Maji yenyewe ni ya kisima, yana chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya ukuta huumumunya.

Wa kwanza kujua alikuwa bibi, aliyelala chumba cha chini. Kila asubuhi alikuta unga mweupe juu ya shuka, akaukung'uta, akanyamaza. Siku moja akamwita shangazi: "Njoo utazame, mwanangu. Nyumba yanimwagikia." Akaletwa fundi mzee, mtu wa chokaa. Alipanda ngazi, akaichomeka bisibisi kwenye kichwa cha boriti. Ikazama kama kwenye halua.

Boriti tatu zilibadilishwa, dari ikiwa imeegemezwa nguzo. Saruji yote ikabanduliwa, ukuta ukaachwa ukauke kwanza, ndipo ukapakwa chokaa. Graniti ile ile ikarudishwa, safari hii juu ya fremu nyepesi ya chuma, ikifuata ukuta ambao boriti zimeukalia, ili boriti kumi zigawane mzigo badala ya mbili. Bomba likaachwa wazi, mtu akiinama alione. Gharama ya kurekebisha ilizidi ya kaunta mara kadhaa, na futari ya mwaka ule tulipikiwa kwa jirani.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na wengi wetu tukisikia hifadhi tunawaza milango ya nakshi na roshani tu. Jikoni hatumwiti mjuzi.

Bibi alihamishia kitanda chake upande wa dirishani. Dari sasa ni imara, fundi mzee ameigonga mbele yake boriti kwa boriti, na bado hajakirudisha.