Usinilishe Maneno

Bibi alitaja jina lake taratibu. Muuguzi akaandika herufi tatu, U, d, a, na kabla hajafika ya nne, kisanduku nilichokitengeneza mimi kikashusha orodha ya majina manane kwenye kishikwambi. La kwanza lilikuwa limekolezwa kijani, kwa herufi nene. Akaligusa. Foleni ikasogea.

Ilikuwa zahanati moja karibu na Katesh, wilayani Hanang. Nilikaa pembeni na daftari langu, nikikusanya data za tasnifu ya uzamili. Niliandika: sekunde nne. Nilifurahi.

Baadaye chumba cha daktari kikaita jina. Hakuna aliyeinuka. Wakaita tena, wakimtazama bibi. Akasema, "Huyo si mimi." Faili lililofunguliwa lilikuwa la mwanamke mwingine, pamoja na vipimo vyake vya shinikizo la damu na dawa zake. Hakuna aliyeumia, kwa sababu bibi alilijua jina lake kuliko kompyuta. Muuguzi alimwomba radhi. Mimi nilinyamaza.

Katika Kidatoga, majina mengi ya wanaume huanza na Gida-, na ya wanawake huanza na Uda-. Hanang nzima inalijua hilo. Nilikulia Mbulu, wilaya jirani, nimesoma na akina Gida darasa moja, nami nililijua pia. Lakini nilipoketi kubuni, niliwawaza akina Neema na akina Emmanuel, ambao herufi tatu zinatosha kuwatenga na wengine. Kwa bibi yule, herufi tatu zilikuwa zimesema jambo moja tu: huyu ni mwanamke. Yaliyobaki niliyajaza mimi, kwa rangi.

Sisi Wairaqw nasi tuna yetu. Mwenye jina la Hhando huandika Hh kwa sauti inayotoka kooni. Karani anayesikia Kiswahili tu huandika Hando. Mtu mmoja, mafaili mawili. Kisanduku changu hakikuwa na habari.

Jioni nilimwomba muuguzi msamaha. Akacheka kwa uchovu. "Mdogo wangu, umeliweka la kijani. Mimi nilidhani kompyuta imeshamjua."

Sentensi hiyo ilinikosesha usingizi. Nilikuwa nimezoea kuita kazi ile urembo: rangi ya mstari, unene wa herufi, nafasi kati ya jina na jina. Kumbe kijani kilikuwa kinasema "ni huyu," na kilikuwa kinasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Kiswahili kina neno kwa tendo hilo: kumlisha mtu maneno.

Richard Thaler na Cass Sunstein, katika kitabu chao Nudge cha mwaka 2008, wanaeleza kwamba jinsi machaguo yanavyopangwa humsukuma mchaguaji, na kwamba hakuna mpangilio usiosukuma kabisa. Nakubali. Lakini mifano mingi ya aina hiyo humhusu mtu anayejichagulia mwenyewe: chakula chake, pensheni yake. Pale zahanati niliyemsukuma alikuwa muuguzi, na ambaye angelipa ni bibi, aliyekaa upande wa pili wa meza na hakukiona kioo hata mara moja. Nani alimkosea? Muuguzi alikuwa na foleni hadi mlangoni. Mimi nilikuwa na usiku mzima wa kuchagua rangi.

Nikabadilisha. Hakuna mstari unaokolezwa kabla ya kuguswa. Maandishi ni meusi juu ya nyeupe, si kijivu kile kinachopendeza ofisini na kupotea juani. Utafutaji haulazimiki kuanzia mwanzo wa jina, na H na Hh zinatafutwa pamoja, ila jina linabaki kama mwenyewe anavyoliandika. Mstari wa "Hayumo, mwandike" una ukubwa sawa na majina mengine. Na chini ya kila jina niliweka kijiji na jina la baba.

Hapo nikakwama tena. Kinachomtofautisha mtu na wenzake kinamfichua pia. Anayechungulia begani kwa muuguzi sasa anasoma nani anatibiwa hapa na ni binti wa nani. Nikaacha kijiji, nikaondoa baba. Sina hakika kama nilipatia. Kwa wanaotoka kijiji kimoja, hatari ya kuchanganya faili imerudi kidogo.

Niliporudi Katesh, usajili ulikuwa umefika sekunde kumi na moja. Msimamizi wangu ataiuliza tarakimu hiyo, na sitaificha. Muuguzi aliandika U, d, a, orodha ikashuka, nyeupe yote. Akainua macho kutoka kwenye kioo, akamgeukia mama aliyekuwa mbele yake.

"Shikamoo mama. Hebu nitajie tena jina lako, lote."