Chipukizi la Ziada

Katika vihamba vya Msangeni, huku Ugweno, upande wa kaskazini wa Milima ya Upare, mipaka yajulikana lakini asili ya mgomba ni ya watu wengi. Ndizi tulazo hazina mbegu ya kuota. Kila mgomba ni chipukizi lililokatwa kwenye shina la mtu mwingine, naye alilipata kwa jirani yake.

Sasa, ndugu msomaji, mkulima mwangalifu huacha mama, mtoto na mjukuu kwenye shina moja, na machipukizi mengine huyang'oa yasije yakanyang'anyana chakula. Ukimpa mwenzako kitu ambacho ungekitupa, umempa nini?

Wapo wasemao hapo hakuna hisani, kwa kuwa mtoaji hakupungukiwa. Sikubaliani nao. Mtoaji anacho kitu cha kutoa ambacho mpokeaji hakioni, nacho ni ujuzi wake. Chipukizi zuri lina kitako kinene na majani membamba yaliyochongoka kama upanga. Lile lenye majani mapana lapendeza macho, na mgeni wa kilimo hulikimbilia hilo. Kumbe ni dhaifu, na mkungu wake huwa mdogo. Mzee aliye na panga mkononi anayajua haya. Akinyamaza, nani atamlaumu? Kosa litaonekana baada ya mwaka na zaidi, na hapo mvua ndiyo itakayosingiziwa. (Mvua imebeba lawama nyingi milimani kwetu.)

Tena kuna fukusi wa migomba. Mabuu yake hutoboa tunguu kwa ndani, na kwa nje huoni kitu mpaka uondoe mizizi na kulimenya libaki jeupe. Napenda mtoaji alimenye mbele ya mpokeaji, na likiwa na matundu asilitoe kabisa. Mnyauko wa bakteria, uliothibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, ni mbaya zaidi, kwani huweza kusafiri ndani ya chipukizi ambalo bado halijaonyesha dalili.

Kwa hiyo ipo siku ambayo wema ni kumwambia mtu, "Jirani yangu, shina langu silielewi, usichukue kwangu." Ni maneno mazito kuyatamka mahali ambapo kunyimana chipukizi huhesabiwa uchoyo. Naye aliyenyimwa ana kazi ngumu vilevile: aamini alichoambiwa, na aende kuomba kwingine bila kununa.