Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 11: Kumeza Hasira



Jana baada ya Tarawehe kijana mmoja aliniuliza: "Ustadh, mtu akinitukana, nami nikanyamaza kwa sababu nimefunga, ndiyo nimeshamsamehe?" Sikumjibu pale pale. Swali limenikaa kichwani mpaka daku.

Ndani ya miili yetu Allah ameweka seli zinazoitwa makrofeji, yaani walaji wakubwa. Kazi yao ni kumeza. Kwenye ini zinakamata vijidudu vinavyokuja na damu kutoka utumbo. Kwenye bandama zinameza chembe nyekundu za damu zilizozeeka, zenye siku 120 hivi, zinazivunja, na madini ya chuma yaliyomo yanarudi kutengeneza damu mpya. Subhanallah, hata kilichochakaa hakipotei bure!

Sasa njoo kwenye mapafu. Mdudu wa kifua kikuu akiingia, makrofeji inammeza vilevile. Lakini huyu mara nyingi hasagiki. Anabaki hai humo humo ndani ya mlinzi. Mtu anaweza kuishi naye miaka, hakohoi, hana homa, mpaka siku mwili ukidhoofika, mdudu anaamka. Kumezwa alimezwa, ila hakumalizwa.

Katika Aal Imran, aya ya 134, Allah anawasifu wanaozuia ghadhabu, kisha anataja kusamehe watu. Ni mambo mawili hayo. Na kile Kiarabu cha kuzuia, kadhm, asili yake ni kufunga mdomo wa kiriba kilichojaa. Maji bado yamo! Kunyamaza nako ni ibada, bora kiriba kilichofungwa kuliko kilichopasukia barazani. Ila kama mchana unasema "nimefunga", halafu baada ya futari unasimulia ya mwaka juzi neno kwa neno, basi kijana wangu, bado hujasamehe.

Wala sisemi ujifanye hukudhulumiwa. Kama kuna haki yako, idai. Kama kuna la kusuluhishwa, lipelekwe kwa wazee. Kuvunja kitu ni kazi, si kukifumbia macho.

Mimi mwenyewe nina ndugu yangu, tuligombana juu ya shamba la marehemu baba. Salamu yake naiitikia vizuri tu, na watu wanasifu subira yangu. Mwaka wa 6 huu. Inshallah leo baada ya Maghrib nitampigia simu. Mniombee.