Nani Kakiunda Chombo Hiki?

Kiswahili cha pwani kina neno moja, chombo, kwa jahazi na kwa kinanda. Kinachovuka maji ni chombo, na kinachopigwa harusini ni chombo. Kitenzi kinachofuatana nalo tangu kale ni kuunda, na ni kitenzi chenye heshima yake. Katika visiwa vya Mafia, hasa Chole na Jibondo ambako majahazi na mashua yameundwa vizazi na vizazi, aliyepigilia mbao mbili hajaunda, na aliyekalafati hajaunda, ingawa bila ya kalafati chombo hakifiki hata Kilindoni.

Na tumfikirie basi kijana wa Kilindoni aliyeletewa kasha dogo na shangazi yake akaaye Maskati. Ndani mna vipande vya ukulele: kifua, mgongo, mbavu zilizokwisha kupindwa kiwandani, shingo, vigingi vinne, nyuzi nne za nailoni na karatasi ya maelekezo. Kwa siku 5 kijana yuko barazani, akipiga msasa, akipaka gundi, akivifunga vipande kwa mpira wa baiskeli uliokatwa ukanda ukanda ili visiachane kabla ya kukauka. Kisha anakwenda nacho harusini, na mwenye shughuli anatangaza: "Chombo hiki kakiunda mwenyewe, kwa mikono yake." Watu wanashangilia. Kijana ananyamaza.

Je, kunyamaza kwake ni uongo?

Jawabu la haraka ni kwamba ndiyo, kwani mbao alizikata mwingine na mbavu alizipinda mwingine, naye kazi yake ilikuwa kutii karatasi. Lakini jawabu hili likishikwa kwa nguvu huwaangusha wengi kuliko linavyokusudia. Fundi wa jahazi hakuufua msumari wake, wala hakuusuka mtanga wa tanga lake. Taruma alilichagua kutokana na tawi ambalo mti wenyewe ulikwisha kulipinda. Hata ukulele wenyewe haukuzuka. Mwezi Agosti 1879 meli Ravenscrag iliwafikisha Honolulu watu wa Madeira waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na miongoni mwao walikuwamo maseremala Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walikuja na mazoea ya kinanda kidogo cha kwao, machete, wakakigeuza kwa miti ya huko, na watu wa Hawaii wakakipa jina na kukifanya chao. Kutoka kisiwa hadi kisiwa, kila mkono ulipokea kitu kilichokwisha kuanzwa. Gambusi nayo ilifika Zanzibar na Ngazija kutoka Yemen, na hakuna aliyeiomba pasipoti.

Kwa hiyo swali la nani kaanza halitufikishi mbali. Tukiling'ang'ania, itabidi tumnyang'anye malenga shairi lake pia: mizani 16 katika mshororo hakuibuni, vina vya kati na vya mwisho alivikuta, hata kituo alirithi. Yeye naye alipewa kasha. (Wapo washairi, ni kweli, ambao kwao kasha ndiyo mali yote, na wakimaliza kuunganisha hakuna sauti inayotoka. Hao tuwaache.)

Mfano wenye manufaa zaidi ni wa mfasiri, maana yeye hupokea vipande vyote vimekwisha kukatwa na hana ruhusa ya kuongeza hata kimoja. Mwalimu Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare juu ya wafanyabiashara wa Venisi, uliotoka 1969, kila tendo na kila msemaji alimkuta mahali pake. Hata hivyo jina alilolichagua, Mabepari wa Venisi, halikuwamo kashani. Angeweza kusema wafanyabiashara, angeweza kusema matajiri. Alisema mabepari, na kwa neno hilo mchezo wote ukaelekea upande mwingine. Mtu akitaka kulilaumu au kulisifu neno hilo, hamwendei Shakespeare.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Jahazi likivuja baada ya kushushwa, huitwa fundi, haitwi aliyeufua msumari. Kuunda ni kuwa mtu wa kuitwa. Pale ambapo kosa likitokea hapana mwingine wa kunyooshewa kidole, hapo ndipo mtu anapoweza kusema: hii ni kazi yangu, japo ni sehemu ndogo kama ukucha.

Na katika kasha la kijana sehemu hiyo ipo. Ni daraja, kile kibao kinachogandishwa juu ya kifua ili kuzibeba nyuzi. Kiwanda kilimpa daraja, lakini katika kasha hili hakikumwekea alama ya pa kuligandisha. Katika ukulele mdogo uzi hulia kwa urefu wa kiasi cha sentimita 35, na kizuizi cha 12 lazima kiwe nusu kamili ya safari kati ya kilemba cha shingo na daraja. Daraja likisogea milimita 3 tu karibu na shingo, nyuzi zikiachwa wazi zitaimba sawasawa, ila zikibanwa huko juu sauti itapanda kupita haki yake. Wageni wa harusini hawatatambua. Mpigaji mwenye sikio atatambua, na kijana mwenyewe tangu usiku ule ametambua.

Sasa kunyamaza kwake kunapata uzito mwingine. Kama chombo kingekuwa na kasoro ya mbavu, angeweza kusema ni kiwanda. Makofi aliyoyapokea yalikuwa ya mbavu, za mgongo na za shingo, vitu ambavyo si vyake, na pale palipo pake hasa ndipo pana kosa. Kwa hiyo alidanganya, lakini si kwa namna aliyodhani mlaumu wa kwanza. Alikubali sifa ya mafundi wasiojulikana majina, walio kiwandani ng'ambo, na akaificha lawama iliyokuwa haki yake. Mwana wa mhunzi asipofua huvukuta, na mvukuto si aibu. Aibu ni kuonyesha jembe na kuuficha mvukuto.

Yaweza kuulizwa kama asimame hadharani kukiri. Pengine hapana. Harusi ni ya maarusi, na maungamo ya milimita 3 katikati ya ngoma yangekuwa majivuno ya aina nyingine. Anaweza kuanzia barazani, pasipo watu: alegeze nyuzi, apashe kisu moto, akipenyeze polepole chini ya daraja mpaka gundi iachie, apime tena kwa uzi wa mshipi kutoka kilemba hadi kizuizi cha 12 na kutoka hapo hadi panapostahili, apake gundi mpya, afunge mpira wa baiskeli, na asikiguse chombo hadi kesho yake, kwa kuwa hewa ya Mafia ina unyevu na gundi hapa haikauki upesi kama karatasi inavyosema.