Mkono wa Kushoto wa Fundi

Mwaka jana nilipata kibarua cha kurekodi video Kamukunji, hapa Nairobi. Kampuni fulani ilitaka kuwafunza vijana kutengeneza majiko, na ujuzi wenyewe haujaandikwa popote. Ukimwuliza fundi wa jua kali anafanyaje, anakwambia, "Angalia tu." Basi nikaenda kuangalia na kamera ya kukodi. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo kazi sichagui.

Mzee niliyemrekodi amekunja mabati miaka thelathini na kitu. Anagongea juu ya kipande cha reli. Nikamwuliza anajuaje pindo la jiko limekaza. Akasema, "Lenyewe linaniambia." Nikadhani ananipima akili.

Usiku nikacheza video polepole. Kabla nyundo haijashuka, mkono wake wa kushoto unalisogeza bati kidogo, upana wa ukucha hivi. Anatega sikio, anapiga. Mlio ukiwa mzito anarudia palepale. Ukiwa mkavu anasonga mbele. Kesho yake nikamwonyesha kwenye simu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mimi hufanya hivyo?"

Hilo swali halijanitoka hadi leo.

Michael Polanyi, mwanakemia aliyegeukia falsafa, aliandika mwaka 1966 kwamba tunajua mengi kuliko tunayoweza kusema. Unautambua uso wa rafiki yako katikati ya umati wa Muthurwa, lakini jaribu kumweleza mtu unautambuaje. Kabla yake, Frank Gilbreth wa Marekani, aliyeanza maisha kama mwashi, aligundua kwamba mwashi anayemfunza kijana hutumia miondoko fulani, na akirudi kwenye kazi yake mwenyewe hutumia mingine kabisa. Hadanganyi, hajijui tu. Miaka ya 1910 Gilbreth na mkewe Lillian wakaanza kuwarekodi wafanyakazi kwa filamu, saa ikiwa ndani ya picha, ili wahesabu kila mwondoko.

Kwa hivyo kamera huona kile ambacho mwenyewe hakioni. Na hapo ndipo dhamiri inaponisumbua. Mzee alitia sahihi fomu ya idhini asubuhi ya kwanza, kabla sijabonyeza chochote. Alikubali kurekodiwa "akifanya kazi". Lakini mtu anawezaje kukubali kutoa kitu ambacho hajui anacho? Wahenga walisema akili ni mali. Sawa, na mali hii je, ni ya nani?

Rafiki yangu aliniambia, "Wacha hizo, buda. Hata huyo mzee aliiba kwa macho." Ni kweli. Mzee alijifunza kwa kumwangalia mjomba wake. Ila alifagia, akabeba mabati, akatumwa chai, na mjomba alikuwa pale kumkaripia akikosea. Alilipa kwa jasho, kidogo kidogo, na alipokuwa fundi mjomba alijua amemwachia nani kazi. Mimi nilikaa siku tatu, nikaondoka na mkono wake kwenye kadi ya kumbukumbu.

Sitajifanya mtakatifu. Video niliituma, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Siku hizi nina sharti moja: mtu atazame kwanza, atie sahihi baadaye, na akitaka kipande kitolewe, kinatolewa. Mteja mmoja ameshanikataa kwa hilo. Sidhani sharti hili linamaliza deni, lakini angalau mtu anajua anachotoa kabla hakijaenda.

Wiki iliyopita nilimpitia mzee. Akaniambia baada ya kuiona ile video, mkono wa kushoto ulimgomea siku mbili. "Ulikuwa unajiangalia," akasema, nusu akicheka. Kisha akaniuliza, "Na wale vijana, wanasikia mlio?"

Nikamwambia sijui. Akainua nyundo, akaendelea.