Maana ya Tanaaqudh na Matumizi Yake

Ndugu msomaji, neno "tanaaqudh", ambalo kwa Kiswahili ni mkinzano, hutajwa ovyo majumbani mwetu. Kijana humwambia mzazi wake, "Maneno yako yanapingana," na mzazi naye humrudishia hivyo hivyo. Basi yafaa tuijue maana yake kabla ya kulitumia.

Asili yake katika Kiarabu ni "naqadha", yaani kufumua au kutengua kilichofungwa. Ndiyo sababu mafakihi wakayaita yanayotengua udhu "nawaaqidh". Na katika Sura An-Nahl, aya ya 92, umepigwa mfano wa mwanamke afumuaye uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti. Mwenye kujikinza ni kama yeye: alichokisokota kwa kauli ya kwanza hukifumua kwa ya pili.

Kwa wanachuoni wa mantiki, kauli mbili hukinzana pale zisipoweza kuwa kweli zote mbili wala uongo zote mbili. "Zaid yupo nyumbani" na "Zaid hayupo nyumbani" zakinzana, kwa sharti kuwa Zaid ni yule yule, nyumba ni ile ile, na wakati ni ule ule. Ama "nguo hii ni nyeupe" na "nguo hii ni nyeusi" ni vinyume tu, kwani huenda zote zikawa uongo, nguo ikawa nyekundu.

Kadhi naye hupima hivyo. Mtu akikiri kuwa shamba ni la jirani yake, kisha akadai ni lake, dai hilo halisikilizwi. Lakini akisema, "Lilikuwa lake siku ile, kisha nikalinunua," mkinzano umeondoka, kwa kuwa nyakati ni mbili. Kilichobaki ni kuthibitisha ununuzi. Vivyo hivyo, mzazi aliyemruhusu mwanawe mkubwa kutoka jioni na kumzuia mdogo hakujikinza, kwani watu ni wawili.

Je, mzazi akatazaye uongo, kisha simu ikilia humwambia mwanawe, "Sema sipo"? Kauli yake kwamba uongo ni haramu haikutenguka. Haki hubaki haki hata msemaji akiikhalifu. Kilichotenguka ni uaminifu wake, na kusema usilolitenda kumekemewa katika Sura As-Saff, aya ya 2 na ya 3. Kwa hiyo kijana asiitupe haki kwa kasoro ya aliyemfikishia. Wala mzazi asijifiche nyuma ya hoja hii, kwani mtoto husoma vitendo vyetu kabla ya vitabu vyetu.

Wabillahi tawfiq.